Umenyauka Kiroho? Chunguza Mizizi Kabla ya Kuongeza Maji

Mwambie mtu kanisani kwamba siku hizi umekauka kiroho, na jibu litakufikia kabla hujamaliza kusema: ongeza maombi. Mwingine atakuongezea mfungo, mwingine mkesha wa Ijumaa, na hakosekani wa kukutumia video ya mahubiri ya saa mbili. Wote wanakutakia mema. Ila hakuna aliyekuuliza hali hiyo ilianza lini, na ilianzaje.

Anayelima mboga hawezi kwenda hivyo akabaki na bustani. Mche wa nyanya uliokosa maji hunyauka. Uliozidishiwa maji nao hunyauka. Ulioingiliwa na minyoo fundo, minyoo midogo ya mizizini, hunyauka, na wenye mnyauko bakteria, ugonjwa unaoziba njia za maji shinani, hunyauka pia. Ukisimama mlangoni na kikombe chako cha chai, yote minne inafanana: majani yamelegea, ncha imeinama. Ipe yote ndoo moja moja ya maji, wa kwanza utasimama, wa pili utakufa mapema zaidi, na miwili iliyobaki haitabadilika hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa Mkristo aliyewahi kuchangamka na Mungu wake, sasa anajiona amepoa, na lile jibu la kwanza ameshalijaribu halikumsaidia. Nimeupanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, huna haja ya kupitia zote. Bustani ninayoisema ni ya kawaida ya uani, huku Dar es Salaam: tuta la mchicha, tuta la matembele, nyanya na bilinganya kiasi, sukuma wiki kwenye viroba, na maji ya kisima.

Anza kwa kuingiza kidole

Kabla ya kushika ndoo, mkulima huingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Juu panaweza kuwa pakavu na chini pana unyevu wa kutosha. Panaweza pia kuwa pamelowa juu kwa manyunyu ya alfajiri, na chini ni vumbi tupu. Macho peke yake hayatoshi.

Kwa mtu, kidole ni maswali matatu, nayo yajibiwe kwa kalamu na karatasi. Hali hii ilianza lini, na kulikuwa na nini nyumbani au kazini wakati huo? Wiki iliyopita nimelala vipi na nimekula vipi? Je, kuna siku au saa ambayo hali inapungua, hata kwa muda mfupi? Usilidharau la tatu. Ndilo linalotenganisha dalili mbili zinazofuata, na dawa zake hazifanani kabisa.

Dalili: mchana umelala, jioni umesimama

Saa saba mchana, mwezi wa Januari, majani ya bilinganya hulegea hata kama udongo una unyevu. Jua limeyakausha kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kupandisha maji. Ikifika saa kumi na mbili jioni yamesimama tena. Mwenye bustani mzoefu hupita hapo saa saba bila hata kugeuza shingo.

Sasa mwangalie mama mwenye mtoto mchanga asiyelala usiku, au kijana aliye kwenye mitihani, au mtu aliyetoka kuzika na bado anahangaika na mambo ya mirathi. Akipiga magoti maneno hayaji. Akifungua Biblia macho yanafumba. Lakini akipata usingizi wa usiku mzima, asubuhi yake pambio moja tu linamtoa machozi. Huyu hajapoa kiroho. Amechoka mwili, na roho inakaa ndani ya mwili huohuo.

Eliya alipitia haya, 1 Wafalme 19. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, kisha tishio moja la Yezebeli likamkimbiza mpaka jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Angalia alivyotibiwa. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40.

Cha kufanya hapa ni kivuli na matandazo. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba juu ya tuta, udongo usipigwe jua moja kwa moja. Kwa mtu, kivuli ni kupunguziwa madai: omba ruhusa kwenye kwaya mwezi mmoja, mwachie mwenzako zamu ya kuongoza jumuiya, pokea chakula majirani wanacholeta bila kuona aibu. Baba Yetu moja kabla ya kulala inatosha kwa kipindi hiki. Anayemwambia mtu wa namna hii afunge siku tatu anamtwisha mzigo, na nadhani angeona hivyo mwenyewe kama angewahi kukesha naye usiku mmoja.

Dalili: umelala, na udongo ni mkavu mpaka chini

Huu sasa ni ukame wenyewe. Miezi inapita hujafungua Neno, sala imebaki ile ya chakula, na ibadani unakwenda kwa sababu usipoonekana watu watauliza. Hapa washauri wa "ongeza maombi" wako sahihi, lakini nusu.

Udongo uliokauka siku nyingi hufanya gamba juu. Mwaga ndoo nzima: maji yanateleza, yanakimbilia kwenye njia, tuta linang'aa kana kwamba limelowa. Kwangua kidogo kwa kijiti, chini pakavu vilevile. Ndicho kinachompata anayerudi kwa kishindo. Anaapa kusoma Biblia nzima kwa miezi mitatu, anaanza Mwanzo kwa mbio, na akifika Walawi amekwama. Anajiona hafai, wakati kilichotokea ni maji kumwagwa juu ya gamba.

Tifua kwanza. Hosea 10:12 inataja kuchimba udongo kabla ya Bwana kuja kuwanyeshea watu wake haki. Kutifua ni kumwambia Mungu kweli jinsi ilivyo, hata kama haipendezi: nimechoka na kanisa, nina hasira kwa sababu ya ile kazi niliyoomba nikaikosa, sina hamu nawe na sijui kwa nini. Zaburi zimejaa maneno ya namna hiyo. Ukiwa na toba ya kufanya, ifanye hapo, kwa jina la kosa lenyewe. "Nisamehe dhambi zangu zote" ni kupapasa juu ya gamba. Katika Zaburi 51 Daudi anaomba, "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Anaomba arudishiwe kitu alichowahi kuwa nacho, kwa hiyo anajua ladha yake, na wewe pia unaijua.

Halafu maji, taratibu. Wenye bustani ndogo huchukua chupa ya plastiki, wakaitoboa tundu dogo kwenye kizibo, wakaifukia kichwa chini kando ya shina. Maji yanadondoka polepole yakifuata mizizi. Chukua zaburi moja, isome kwa sauti siku tatu mfululizo, zaburi ileile. Siku ya kwanza hutasikia kitu. Usibadilishe. Ukimaliza, chukua nyingine. Aya nne zilizozama zina faida kuliko sura nne zilizoteleza, na huhitaji daftari la mpango wa mwaka mzima.

Dalili: umelala, na udongo ni chepechepe

Dalili hii huwachanganya watu kwa sababu mwenye nayo ndiye mwenye bidii kuliko wote. Mizizi inahitaji hewa. Maji yakituama hewa inatoka, mizizi inageuka kahawia, inateleza mkononi na kutoa harufu. Juu majani yanalegea na kuwa njano, na mwenye bustani, akiona yamelegea, anaongeza ndoo nyingine.

Asubuhi redio ya injili. Kwenye daladala, mahubiri masikioni. Mchana, vikundi vitano vya WhatsApp, vyote vya maombi, vyote vikipeana aya zilezile. Jioni semina. Ijumaa mkesha. Muulize mhubiri alisema nini Jumapili iliyopita, anajikuna kichwa. Muulize ametenda nini kati ya aliyoyasikia mwezi huu, hapo ndipo kimya kinapotawala. Neno linaingia kila siku na halina pa kutokea, na yeye anashangaa kwa nini moyo mzito.

Acha kumwagilia kwa muda, chimba mfereji. Mfereji ni utii. Chagua jambo moja ulilokwisha kulisikia na unajua lilikuhusu, ulifanye lote kabla ya kusikiliza jingine. Lipa lile deni la dukani. Mpigie simu ndugu yako mliyeachana kwa maneno. Peleka unga kwa yule bibi badala ya kumtaja kila Alhamisi kwenye maombi. Ondoka kwenye vikundi vinne, baki na kimoja. Najua kuna atakayesema namtoa mtu kwenye mambo ya Mungu. Yakobo 1:22 inasema tuwe "watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu", na inaendelea kusema wasikiaji tu hujidanganya nafsi zao. Tope ni udongo na maji, vyote vizuri, ila mche hauoti humo.

Dalili: unamwagilia vizuri, lakini kingo za majani zinaungua

Wakazi wa pwani wanaijua hii bila kuelezwa. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Unamwagilia asubuhi na jioni, na kingo za majani zinakauka kahawia kama zilizopitishwa motoni. Juu ya tuta unaonekana ukoko mweupe. Maji yanakauka, chumvi inabaki, kwa hiyo kila ndoo inaongeza tatizo na bidii yako ndiyo inayoharakisha.

Onja maji unayotumia. Mafundisho unayokunywa kila siku yanakuacha vipi? Kama kila ugonjwa ni mchawi, kila jirani ni adui wa hatima yako, na kila baraka ina bei yake pale mlangoni pamoja na chupa ya mafuta, hiyo ni chumvi. Kipimo ni chepesi. Ukitoka kusikiliza, je, unampenda mama mkwe wako kuliko ulivyoingia, au unamshuku zaidi? Wagalatia 5:22 inaanza orodha ya tunda la Roho kwa upendo, furaha na amani. Miaka miwili ya kusikiliza ikikupa hofu, kijicho na usiku wa kushtuka, badili kisima, hata kama mwenye kisima ana jina kubwa na maspika makubwa.

Chumvi haitoki kwa siku moja. Udongo huoshwa kwa maji mengi yasiyo na chumvi, hasa ya mvua, mpaka chumvi ishuke chini ya mizizi, na mboji huongezwa. Soma Injili ya Marko yenyewe, sura kwa sura, pasipo mtu wa kukufafanulia. Ni fupi. Mwangalie Yesu anavyozungumza na wagonjwa, anavyowagusa, na hesabu ni mara ngapi aliwadai malipo.

Dalili: umeanguka ghafla ukiwa bado wa kijani

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, tukae kidogo.

Jana mche ulikuwa umenona. Leo umelala wote, majani bado ya kijani, hakuna njano, hakuna madoa. Jioni hausimami. Kesho yake hali ni mbaya zaidi. Usimwagilie. Chukua kisu, kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye glasi ya kioo, shikilia kipande hicho ncha moja ikiwa ndani ya maji, usikitikise. Baada ya dakika chache, kama ni mnyauko bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye shina. Ndizo zilizoziba njia za maji. Tuta lilikuwa na unyevu, mbolea ilikuwepo, lakini hakuna kilichofika juu.

Kuna mtu wa namna hii. Kiongozi wa kikundi, mwenye sauti nzuri ya kuomba, na ghafla ameanguka; watu wanasema "lakini wiki iliyopita aliongoza ibada!" Mara nyingi kuna kitu kilichokaa ndani siku nyingi: uhusiano wa siri, fedha za kikundi zilizokopwa kimyakimya, picha za usiku kwenye simu, kinyongo cha urithi kilichopewa jina la "nimemwachia Mungu". Neno analisikia vizuri. Halipandi.

Glasi ya maji ni swali moja mbele za Mungu, ukiwa peke yako, simu ikiwa chumba kingine: ni jambo gani ambalo kesho likijulikana, ningehama mtaa? Ukikaa na swali hilo dakika kumi bila kujitetea, nyuzi zitaanza kushuka zenyewe.

Ukiuona mnyauko, hakuna dawa ya kupuliza. Mkulima hung'oa mche na udongo wake wa mizizini, hautupi kwenye shimo la mboji, huosha jembe, na pale hapandi tena nyanya wala ndugu zake (bilinganya, pilipili, viazi mviringo, mnavu) kwa miaka, kwa maana bakteria hubaki udongoni. Ya kufuata ni mawili. Kwanza, ng'oa na udongo wake: kufuta namba ya simu huku ukibaki na ile ratiba, ule mtaa na ile sababu ya kuchelewa kurudi nyumbani ni kukata majani. Pili, usirudie kupanda palepale. Aliyeanguka kwa fedha za kikundi amesamehewa kweli, na asiwe mweka hazina.

Ila mfano unaishia hapo. Mche wenye mnyauko haurudi, mtu hurudi. Katika Luka 13 mwenye shamba anataka mtini ukatwe, kwa kuwa miaka mitatu haujazaa, na mtunzaji anaomba: "uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Mtini usingeweza kujiombea. Tafuta mtunzaji wa namna hiyo, mchungaji, padri, au mzee wa kanisa anayejua kufunga mdomo, umwambie kwa maneno kamili.

Minyoo fundo hufanya kazi tofauti. Mche hauanguki, unadumaa tu, mchana unalegea, jioni unajikokota kusimama, msimu mzima. Ukiung'oa unaona mizizi imejaa vifundo, minene kama punje za mahindi, na vinywele vya kunyonya maji vimebaki vichache. Hakuna dhambi kubwa ya kuungama hapa. Ni vitu vidogo vinavyokunywa kabla yako: saa mbili za kupekua maisha ya watu mtandaoni kila usiku, mkopo unaolipwa kwa mkopo mwingine, rafiki ambaye kila mkikutana mnamsema mtu. Wakulima hubadilisha mazao na wengine hupanda bangi mwitu (mmea wa jamii ya marigold, si bangi ya kuvuta) katikati, kwani mizizi yake huipunguza minyoo hiyo. Badilisha kinachopandwa kwenye saa ile. Ukiiacha tupu itajazwa na kilekile.

Dalili: majani mengi, matunda hakuna

Mche wa nyanya umefika kifuani, kijani cha kupendeza, jirani anausifu, na hauna hata ua. Naitrojeni imezidi, umepewa urea au samadi ya kuku kupita kiasi, na mmea umeamua kuwa majani. Kuna mtu wa namna hii pia. Kanisani anajulikana kwa majukumu: kwaya, kamati ya ujenzi, kamati ya harusi, mapokezi ya wageni. Nyumbani watoto humnyamazia akiingia.

Katika Yohana 15 Yesu anamwita Baba mkulima, na anasema tawi lizaalo ndilo husafishwa ili lizidi kuzaa. Machipukizi yanayoota kwenye kwapa la jani la nyanya hayana ugonjwa wowote. Hukatwa kwa sababu yanakula chakula cha matunda, na ni vema yakatwe yakiwa madogo, kwa vidole, asubuhi. Andika barua ya kujiuzulu jukumu moja wiki hii. Usingoje mpaka ugombane na mwenyekiti ndipo utoke. Jeraha la tawi kubwa huchelewa kupona.

Dalili: tunda zuri juu, jeusi chini

Nyanya imeanza kuiva. Ukiitazama kutoka juu ni nyekundu, imejaa. Iinue kwa vidole viwili uigeuze: kitako kimebonyea, cheusi, kikavu kama ngozi ya kiatu. Wengi hudhani ni mdudu wakanunua dawa. Tunda limekosa kalisi (madini ya calcium), na mara nyingi kalisi ipo udongoni. Kilichoikwamisha ni umwagiliaji wa kubahatisha, leo mafuriko, kisha siku tano kavu, kisha mafuriko tena. Kalisi husafiri na maji, na tunda lilikuwa linajijenga katika siku zile kavu.

Imani ya matukio hufanya hivi. Mkutano wa injili, moto. Wiki tatu, hakuna kitu. Kwaresima, moto. Baada ya Pasaka, hakuna kitu. Mtu huyu akisimama kushuhudia anapendeza kweli, ila ukikaa naye nyumbani, hasira iko palepale ilipokuwa miaka kumi iliyopita. Hahitaji moto zaidi. Anahitaji robo saa ileile, kitini palepale, kila siku, hata siku isiyo na ladha. Tunda lililokwisha kuoza kitako halirudi, litoe. Yanayofuata kwenye mche uleule yatatoka mazima maji yakitulia.

Mawili ya haraka

Ndago. Unaing'oa, wiki ijayo iko palepale, imeongezeka. Chini kuna viazi vidogo vilivyofungamana kama shanga, na jembe likivikatakata kila kipande kinaota. Tabia sugu usiichape jembe kwa hasira siku moja. Chimba kwa uma, fuata uzi wake mpaka kiazi cha mwisho, na tarajia kurudia msimu ujao. Kurudi kwa ndago si ushahidi kwamba hukuokoka.

Miche iliyokufa baada ya kupandikizwa. Kijana alitoka kambini akiwaka, na baada ya wiki mbili kazima. Mche wa kitaluni huzoeshwa jua na kiu kidogo kidogo, siku saba mpaka kumi, kabla ya kwenda shambani, na hupandikizwa jioni. Viongozi wa kambi, hili ni lenu kuliko lake: nani atampokea mtaani kwake Jumatatu jioni?

Nimefanya yote, sioni mabadiliko

Umepanda nini? Mchicha unavunwa wiki tatu au nne baada ya kusia. Nyanya inataka miezi miwili na nusu au mitatu tangu ipandikizwe. Mparachichi uliootesha kwa kokwa unaweza kukudai miaka mitano na zaidi. Usingizi na utulivu wa sala ni mchicha, utaviona mapema. Hamu ya Neno ni nyanya. Kumsamehe baba yako ni mparachichi, na anayekuharakisha hajawahi kuupanda.

Na usifukue mbegu kuangalia kama imeota. Katika Marko 4 mpanzi analala na kuamka, mbegu inamea na kukua "asivyojua yeye". Paulo anasema alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Ukishafanya sehemu yako ya leo, nenda kalale.

Wakati wa kumwita mtu mwingine

Mkulima akishindwa humwita afisa ugani, na akienda hupeleka jani, kipande cha mzizi na udongo kwenye mfuko. Ukienda kwa mchungaji, nenda na ile karatasi ya maswali matatu. Mtaokoa saa nzima.

Lakini kuna hali ambazo bustani haina neno nazo. Kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachi hata kwa saa moja, chakula hakipiti, usingizi umekimbia au umezidi, na mambo uliyoyapenda yote yamepoteza ladha, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibiwa hospitalini. Kumwona daktari hakumdharau Mungu. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Mchungaji mzuri atakusindikiza huku akiendelea kukuombea. Na kama wazo la kufa limeanza kukujia, usingoje Jumapili wala usingoje wiki mbili zitimie. Mwambie mtu leo, ana kwa ana, na mwende hospitali pamoja.